Chumvi Haina Kazi Kwenye Tuta: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Konokono

Mvua zikishika huku kusini, maswali ninayopokea huwa ya konokono na makoa kuliko kitu kingine chochote. Nimechagua haya. Waliouliza "dawa gani?" bila kueleza zaidi, na ni wengi, wasome jibu la msomaji wa Ruangwa.

Konokono wanamaliza mchicha wangu. Jirani kaniambia nizungushie tuta chumvi ya mawe. Nimwage kiasi gani? (Mikindani)

Usimwage hata kijiko, dada. Swali hili linarudi kila masika na nitalijibu kila masika. Najua chumvi ni rahisi, mashamba yake tunayo hapa hapa pwani. Ni kweli pia kwamba konokono akinyunyiziwa chumvi anatoa povu na kufa, kwa sababu inamnyonya maji mwilini. Sasa jiulize mizizi ya mchicha inafanywa nini na chumvi hiyo hiyo. Mvua ya kwanza inaiyeyusha, inazama tutani, na usiku unaofuata konokono wengine wanapita bila kizuizi chochote. Visima vingi vya pwani maji yake yana chumvichumvi tayari, kwa hiyo tuta linapokea chumvi kila unapomwagilia. Mchicha unaweza kuvumilia. Msimu ujao ukipanda karoti, kitunguu au maharage, majani yataungua kingoni na utalaumu mbegu. Udongo wetu wa kichanga unajengwa kwa samadi ya miaka mingi, na inaniuma kuona mtu anauharibu kwa fungu la chumvi la siku moja.

Anza na maji. Kama unamwagilia jioni, hamia asubuhi. Konokono hutembea usiku na anahitaji unyevu ili ateleze. Ukilowesha tuta magharibi umemtengenezea njia. Kisha saa mbili usiku toka na tochi na ndoo. Mulika upande wa chini wa majani na kwenye mashina, kwa maana wale wakubwa wanaoonekana haraka ndio wachache. Wanaokutia hasara ni wadogo, wenye gamba la ukubwa wa punje ya mtama, na makoa wasio na gamba waliojibana kwenye kikonyo cha jani. Kabla ya kulala weka maganda ya papai na kipande cha gunia bichi kando ya tuta. Asubuhi na mapema geuza, utawakuta wamejificha hapo chini. Wamwagie maji ya moto ndani ya ndoo, uwafukie mbali na bustani. Fanya hivyo kila usiku mpaka ndoo ianze kurudi tupu.

Mikono vaa mfuko wa nailoni. Konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba minyoo inayotoka kwa panya, na ikiingia tumboni mwa binadamu inaweza kufika hadi kwenye ubongo. Watoto wasiwachezee, na majani yanayoliwa mabichi yaoshwe jani moja moja kwa maji mengi.

Majivu je? (Chuno, Mtwara)

Yanasaidia yakiwa makavu. Yakilowa, kazi imekwisha. Chokaa ni vivyo hivyo. Tumia majivu kuzungushia miche michanga siku zisizo na mvua, kiasi cha upana wa kiganja, na usiyarudishe juma baada ya juma mahali pale pale, maana yanabadilisha udongo. Maganda ya mayai mnayoyasifia sana hayamzuii. Anapita juu yake na ute wake.

Naomba dawa ya konokono. (Ruangwa)

Ndugu yangu, umeniandikia maneno manne. Hukusema umepanda nini, miche ina umri gani, wala kama uliwaona konokono wenyewe au matundu tu. Daktari wa mifugo ukimwambia "naomba dawa ya mnyama" atakupa nini?

Nitakujibu hata hivyo, kwa sababu naogopa utakachokwenda kuuziwa. Sumu ya vidonge vidogo vya rangi ya buluu, ambayo mara nyingi ni metaldehaidi, inaua konokono kweli. Inaua pia kuku, mbwa na paka, na mtoto mdogo anaweza kuviona kama pipi. Uingereza walipiga marufuku matumizi yake ya nje mwaka 2022. Ipo aina nyingine yenye fosfeti ya chuma, ambayo madhara yake kwa wanyama ni madogo zaidi. Ukilazimika, ulizia hiyo. Vyovyote iwavyo, usinunue sumu iliyopimwa kwenye kifuko kisicho na lebo, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Lebo ndiyo inayokuambia kiasi, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na cha kufanya mtu akiila. Bila lebo unalisha familia yako kitu usichokijua.

Na mwenye bustani ya matuta matatu nyuma ya nyumba hahitaji sumu yoyote. Anahitaji tochi.

Nimebakiwa na salfa ya mikorosho. Nipulizie bustani? (Newala)

Hapana. Salfa ni ya ubwiri unga, na ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu, si konokono. Ihifadhi kwa ajili ya mikorosho.

Miche yangu ya nyanya inakatwa shinani usiku, asubuhi naikuta imelala. Konokono gani huyu? (Masasi)

Mche uliokatwa kama kwa wembe usawa wa ardhi, majani yote yapo pale pale, huo kwa kawaida ni wa sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo kuzunguka mche, utamkuta amejikunja. Konokono huacha matundu yasiyo na umbo na njia ya ute uliokauka, inayong'aa jua likichomoza. Tafuta ute kabla ya kumhukumu.

Nimesikia pombe inawanasa. Uraka unafaa? (Mitwero, Lindi)

Unafaa. Kinachowavuta ni harufu ya uchachu, kwa hiyo hata maji yenye hamira na sukari kidogo yatafanya kazi kwa asiyetaka pombe nyumbani kwake. Fukia kikopo, mdomo ubaki juu ya udongo kidogo ili wadudu wema wasitumbukie. Kitanasa wa karibu tu.

Shikamoo. Hawa konokono wa bustanini ndio wanaoleta kichocho? (Nachingwea)

Marahaba, mwanangu. Sio hao. Kichocho kinapitia konokono wa majini, wale wa madimbwi, malambo na mito inayotembea polepole. Ila wewe unayechota maji ya bustani lamboni ukiwa umeingia peku hadi magotini, hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenye konokono mia kwenye mchicha. Vimelea vinapenya ngozi. Vaa buti, na ukiona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya upimwe, dawa zipo.

Mvua zimekatika na konokono wametoweka. Nimepona? (Lindi mjini)

Wamelala, kaka. Konokono huyu mkubwa ni mwenyeji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Florida, jimbo la Marekani alikofikishwa na watu, walipambana naye miaka kumi wakatangaza mwaka 2021 kwamba wamemmaliza. Mwaka 2022 akaonekana tena. Kiangazi anarudi ndani ya gamba, anaziba mlango kwa utando mkavu na anakaa hivyo miezi.

Huu ndio wakati wako, na karibu kila mtu anaupoteza. Kati ya Julai na Oktoba pekua chini ya mawe, milundo ya matofali, nyuma ya choo, kwenye mashina ya migomba na ua wa makuti. Hawakimbii. Kila mmoja ana jinsia zote mbili, na mkupuo mmoja wa mayai unaweza kufika 200 au zaidi. Mvua zikirudi, unapopalilia angalia mafungu ya mayai meupe yenye umanjano kidogo, ukubwa wa choroko, yamefukiwa juu juu tu. Yaanike juani au waachie kuku.