Umeme ukikatika hapo katikati je? Maswali yenu ya pachi za faili sistimu

Tangu nigusie habari za kurivyu (kukagua) pachi za keneli ya Linux, ule moyo wa mfumo unaoongoza vifaa na memori, maswali toka Kigoma yamekuwa mengi kuliko hata ya kuflashi simu, sikutegemea. Najibu machache leo. Kwa mgeni: pachi ni mabadiliko ya kodi za programu, mtu anayatuma kwa barua pepe ya maandishi matupu, wenzake wanayasoma mstari kwa mstari, halafu mentena, yule mwenye dhamana na eneo hilo la keneli, ndo anaamua kuyapokea au la. Faili sistimu ni ile sehemu ya keneli inayopanga mafaili kwenye diski, na ext4 ni mojawapo.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko likizo nyumbani Gungu, jamaa yangu wa chuo kanitumia pachi yake ya ext4, mistari kama 40 hivi, anataka niirivyu kabla hajaituma. Sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa keneli. Naruhusiwa? Nianzie wapi?

Marahaba mdogo wangu. Unaruhusiwa kabisa, hakuna cheti kinachoombwa. Anzia kwenye maelezo ya juu, kodi iache kwanza. Maelezo yanatakiwa yakwambie shida ni nini, nani inamkuta, inatokeaje na kwa nini dawa ni hii na siyo nyingine. Akiandika tu "rekebisha bagi kwenye inode" (inode ni rekodi ya taarifa za faili) mrudishie hapohapo, maana miaka kumi mbele mtu atakuja kuchimba historia kwenye git (kitunza historia ya kodi) saa nane usiku, huyo jamaa yako hayupo, maelezo ndo yamebaki. Kama anarekebisha kosa la pachi ya zamani aweke mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa ile komiti (badiliko lililoingia kwenye git), hiyo ndo inawasaidia watu wa matoleo ya muda mrefu, yale ya zamani yanayoendelea kurekebishwa, kujua dawa inahitajika wapi.

Ukishaelewa anachotaka, sasa shuka kwenye kodi na usome njia za kushindwa kabla ya njia ya kufaulu. Njia ya kufaulu ameshaijaribu mwenyewe, amini. Angalia pale diski imejaa, memori imekosekana, diski imerudisha kosa la kusoma: je, ile loku (kufuli la kuzuia wawili wasiguse kitu kimoja kwa pamoja) aliyoifunga juu inafunguliwa? Ile bafa (kipande cha memori) aliyoichukua inaachiwa? Nusu ya kazi iliyofanyika inafutwa au inabaki inaning'inia? Hapo ndo mtu asiyejua ext4 anaweza akaona kitu ambacho wataalamu watatu wamekiruka, kwa sababu wao wanasoma wanachokijua, wewe unasoma kilichoandikwa.

Na usimpe Reviewed-by kwa vile ni mshkaji. Ule mstari maana yake umekagua na huna shaka iliyobaki. Kama umeijaribu tu ikafanya kazi mpe Tested-by, ni heshima tosha.

SWALI: Mimi nina duka la kompyuta Ujiji, nasomasoma tu hizi mada. Kwa nini kila pachi ya faili sistimu lazima mtu aulize "umeme ukikatika hapa je"? Si ndo kazi ya UPS?

Mzee wangu wa Ujiji wewe tena ndo ungewajibu wao, umeme unavyotuzoea huku! UPS yenyewe betri ikichoka inazima bila kuaga.

Iko hivi. Programu ikisema andika, data haiendi kwenye diski saa hiyo, inakaa kwenye memori kwanza, keneli inaisukuma baadae kwa wakati wake na kwa mpangilio wake, na diski nayo ina kashe (memori yake ndogo) ndani inaweza kupanga upya. Kwa hiyo mistari miwili iliyofuatana vizuri kwenye kodi haina maana itafika kwenye diski kwa utaratibu huohuo. Kuna jono, lile eneo ambalo faili sistimu inaandika kwanza nini inataka kubadilisha ili ikiamka baada ya umeme kukata isome na kumalizia, lakini jono kwa kawaida inalinda muundo (majina, direktori, nani anamiliki bloku gani), siyo lazima kilichomo ndani ya faili lako.

Mfano hai ni mwaka 2009. Ext4 ilikuwa imetangazwa kuwa imara kwenye toleo la 2.6.28, mwishoni mwa 2008, na ina tabia ya kuchelewa kuchagua bloku za kuandikia mpaka mwisho, inaleta spidi sana. Sasa programu nyingi za deskitopu zilikuwa zinahifadhi mipangilio kwa kuandika faili jipya halafu kulibadilisha jina liwe la zamani, bila kuita fsync, ile amri ya kusukuma data mpaka kwenye diski. Kwenye ext3, iliyoitangulia ext4, ilikuwa inapita salama tu, lakini kwenye ext4 mashine ikizima ghafla unakuta jina jipya limefika kwenye diski na data haijafika, yaani faili lipo, saizi ziro. Watu walilia sana. Theodore Ts'o, mentena wa ext4, alieleza kwamba kwa sheria za POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix) kosa ni la programu kutokuita fsync, ila bado akaweka pachi zilizoingia 2.6.30 za kulazimisha data itangulie kwenye hali kama hizo. Mi nasema alifanya vizuri, kuwa sahihi kwenye karatasi huku mipangilio ya watu inapotea hakumsaidii mtu.

Ndo maana mkaguzi mzuri anaweka kidole kati ya kila mistari miwili na kuuliza: hapa ikizima, nikiwasha nakuta nini?

SWALI: Dada wa Kibirizi hapa. Kuna pachi nimeona inabadilisha neno moja tu, GFP_KERNEL kuwa GFP_NOFS, na watu wakabishana barua kibao. Neno moja jamani?

Neno moja dada yangu lakini linagandisha mashine nzima. Hizo ni alama za kuomba memori. Ukiomba kwa GFP_KERNEL na memori ikawa imebana, keneli inaruhusiwa kutafuta nafasi kwa kuiambia faili sistimu isafishe vitu vyake. Sasa kama anayeomba ni faili sistimu hiyohiyo, na imeshika loku zake, ni kama mpishi aliyejifungia jikoni halafu anagonga mlango akisubiri mpishi amfungulie. NOFS inasema tafuta memori ila usirudi kwangu.

Ubishi unakuja kwa sababu watu wengine wanaipachika kila mahali kwa woga tu, na ikizidi keneli inakosa pa kupata memori. Siku hizi wanapendelea memalloc_nofs_save pale muamala (kundi la mabadiliko ya faili sistimu yanayoenda pamoja) unapoanza na memalloc_nofs_restore unapoisha, kila kilichomo katikati kinajilinda chenyewe. Ukikuta pachi inayobadilisha neno tu, muulize mtumaji: ni loku gani hasa unaiogopa? Akishindwa kuitaja bado hajamaliza kazi.

SWALI: Tabu au nafasi?

Kusogeza mistari ya kodi ndani ni tabu, upana wa herufi 8. Pitisha checkpatch.pl (skripti ya kukagua mtindo wa uandishi) kabla ya kutuma ili binadamu wasipoteze muda na hayo.

SWALI: Kama pachi zinapita kwa macho ya wakubwa wote hao, mbona bagi za kuharibu data bado zinapita? Nauliza kwa nia njema, niko Mwanga.

Swali zuri, na Desemba 2023 ina jibu. Kuna pachi ya ext4 iliyokuwa salama kabisa kwenye keneli mpya, ikachukuliwa kupelekwa kwenye toleo la muda mrefu la 6.1. Kule ilikuwa inategemea mabadiliko mengine, ya sehemu inaitwa iomap, ambayo 6.1 haikuwa nayo. Matokeo yake 6.1.64 ikawa na hatari ya kuharibu data kwenye uandishi wa moja kwa moja, ule usiopitia kashe ya memori. Debian, watu wanaotengeneza mfumo wa Linux wa jina hilo, wakasimamisha toleo lao la 12.3 lililokuwa linatoka wikiendi hiyohiyo, na dawa ikaja kwenye 6.1.66.

Umeona kitu? Ukimpa mtu ile pachi peke yake akague, angesema iko poa, na angekuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye pale ilipopelekwa. Kwa hiyo ukiombwa kukagua pachi inayorudishwa toleo la nyuma, usisome pachi tu, fungua lile toleo la nyuma lenyewe usome kodi zinazoizunguka.

SWALI: Laptop ni moja, ndo ya kazi, na bando la kuunga unga. Nawezaje kujaribu pachi ya faili sistimu bila kuua data zangu?

Usiijaribu kwenye diski yako hata kwa dakika moja. Tengeneza mashine pepe (kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako) kwa programu ya QEMU, iwekee diski mbili za bandia ambazo ni mafaili tu, halafu endesha xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya faili sistimu, humo ndani. Usiogope jina, ilianzia kwa watu wa faili sistimu ya XFS lakini inapima na ext4, Btrfs na nyinginezo, na anza na kundi la "quick" maana lote zima litakula usiku mzima na laptop itachemka. Washa na lockdep (kikaguzi cha loku) kwenye keneli yako ya majaribio, itakulalamikia loku zikifungwa kwa mpangilio wa hatari hata kama mashine haijaganda bado.

Kuhusu bando: historia nzima ya keneli ni giga kadhaa, shusha kwa git clone ukiweka --depth 1, unapata kodi za leo bila historia. Ukitaka historia ifuate kwa rafiki mwenye waifai, mbebee flashi. Na ule umeme wetu ukikata katikati ya majaribio, usikasirike, washa mashine pepe uangalie diski ya bandia imeamka vipi.