Sukari kwenye kahawa ya Kituruki
Ukiletewa kahawa ya Kituruki bila sukari pembeni, usidhani mhudumu amesahau kuileta. Kahawa ya Kituruki huchemshwa pamoja na sukari yake ndani ya cezve, kile kisufuria kidogo chenye mpini mrefu, kwa hiyo kiwango unakitaja unapoagiza: sade ni bila sukari, az şekerli kidogo, orta ya wastani (kama kijiko kimoja cha chai kwa kikombe), şekerli tamu kweli. Maneno hayo yanaeleweka hata kwenye migahawa ya Waturuki Berlin au London. Ukitia sukari mezani itabidi ukoroge, na ukikoroga mashapo yanapanda, unaishia kutafuna unga wa kahawa. Iache itulie dakika mbili hivi, na ya chini usiinywe. Yale maji yanayoletwa nayo hunywewa kwanza, kusafisha kinywa.