Maswali ya Wasomaji: Kulabu za Mmea, Mdomo wa Ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, viatu vya mwanangu hufungwa kwa mkanda wa Velcro. Nimesikia kwamba uliigwa kutoka kwenye mmea. Je, ni kweli? Na mbona sasa haushiki tena?

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alichunguza kwa hadubini vitunda vya mmea wa burdoki vilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake, akaona kila mwiba umepinda nchani kama kulabu. Kuona hivyo kulikuwa rahisi; kuitengeneza kulabu ndiko kulikomla miaka. Pamba ilichakaa upesi, akahamia nailoni. Vitanzi vya nailoni hufumwa, hupewa joto ili vishike umbo, kisha kila kimoja hukatwa ubavuni karibu na kilele, kikabaki kulabu. Alipata hataza mwaka 1955.

Kwa viatu vya mwanao, anza na upande mgumu, wenye kulabu. Mara nyingi umejaa nywele na nyuzi: zichomoe kwa sindano ukifuata safu za kulabu, kisha sugua kwa mswaki mkavu. Kulabu zikiwa zimelala, shaka kwanza joto kali. Nailoni hulainika na umbo halirudi. Upande laini, wenye vitanzi vinavyonaswa na kulabu, ukiwa vitanzi vyake vimekatika na kutimka, usijisumbue kuusafisha, badilisha. Nunua mkanda usio na gundi mgongoni, maana gundi huganda kwenye sindano ya cherehani. Kata pembe ziwe za mviringo zisianze kubanduka, ushone kuzunguka pande zote, milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Na wakati wa kufua, ufunge kwanza.

Tena, mkanda huu ni imara ukivutwa sambamba na uso wake, kwani kulabu nyingi hubeba mzigo pamoja. Ukibanduliwa kuanzia nchani, ni safu chache tu zinazoshindana na mkono. Kwa hiyo ushone ili mguu uuvute sambamba na uso wake, si kuubandua.

SWALI: Treni ya kasi ya Japani inahusianaje na ndege mdiria?

JIBU: Treni ikiingia handakini kwa kasi kubwa husukuma hewa mbele yake, na wimbi hilo la mgandamizo hutokea upande wa pili kwa mshindo. Mdiria hutoka hewani na kuzama majini bila kurusha maji mengi, kwa sababu mdomo wake hunenepa kidogo kidogo kuanzia nchani. Mhandisi Eiji Nakatsu, mpenzi wa ndege, na wenzake waliipa Shinkansen (ndiyo treni hiyo ya kasi) ya mfululizo wa 500 pua ya mita 15. Ilianza safari mwaka 1997 na kufikia kilomita 300 kwa saa. Walichoiga ni huko kunenepa kwa taratibu, si sura ya ndege. Hasara yake ni kwamba pua ndefu hula nafasi ya viti.