Everton ndio waliotangulia Anfield

Mkuu, umesema uwanja wa soka wa Anfield, Uingereza, ulianza na klabu ya Liverpool, na kwamba wapinzani wao Everton "wako Goodison". Hapana, Anfield haikuanza na Liverpool. Everton walicheza pale kuanzia 1884 hadi 1892, na ubingwa wao wa kwanza wa ligi, wa 1891, waliupata wakiwa hapohapo. Ugomvi ulikuwa wa kodi ya uwanja na John Houlding, mwenye kiwanda cha bia. Everton wakahamia uwanja wa Goodison Park, ng'ambo ya bustani ya Stanley Park. Houlding akabaki na uwanja mtupu, ndipo akaanzisha Liverpool mwaka huohuo wa 1892.

Sisi mashabiki wa Everton hii tunaijua tangu utotoni, kama tunavyolijua kanisa la St Luke lililobanwa kwenye kona ya Goodison, katikati ya majukwaa mawili. Hakuna uwanja mwingine niliowahi kuupenda vile.

Ila usiseme tena kwamba "wako Goodison". Timu ya wanaume iliaga pale Mei 2025 kwa kuwafunga Southampton 2-0, sasa iko kwenye uwanja mpya wa Hill Dickinson, kwenye gati la Bramley-Moore, kando ya mto Mersey. Goodison haikubomolewa, imepewa timu ya wanawake ya Everton.