Mwezi ukiwaka, dada anarudi nyumbani

Wiki hii mmeuliza: mpendwa wako aliyefariki kabla ya uzee, unamkumbukaje? Mimi namkumbuka dada yangu kwa kutoka nje usiku na kutazama mwezi umefikia wapi.

Dada alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Aliwanunua wabichi kwenye kambi ya wavuvi kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, akawaanika, wakikauka anawatia kwenye magunia kuja kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anayeishi huku kwetu anajua kwamba dagaa ni wa giza. Wavuvi wanawasha taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Dagaa wanaifuata taa, nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikitoka ziwa lote linang'aa, taa haivuti kitu, na mitumbwi inapumzika mchangani. Basi siku za giza dada alikuwa wa ziwa, siku za mbalamwezi alikuwa wetu.

Alikuwa akishuka kwenye meli ya Nansio anapanda daladala mpaka Kisesa, na anapofika mama ameshachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Wanangu wanamkimbilia, "Shangazi! Shangazi!", wanagombania kumbebea mkoba. Usiku tunakaa uani bila taa, tunatafuna michembe na karanga. Alikuwa na sauti kubwa, ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Atasimulia bei, atasimulia mvua iliyowalowesha dagaa wakaishia kuwa chakula cha kuku, halafu ghafla ananigeukia: "Haya mdogo wangu, na wewe niambie yako." Nikimwambia, anasikiliza mpaka mwisho. Sijapata tena mtu wa kunisikiliza namna ile.

Alifariki mwanzoni mwa Julai 2019, akiwa na miaka 46. Presha. Alianguka asubuhi akigeuza dagaa kwenye chanja. Zilikuwa siku za giza, siku ambazo hata angekuwa mzima asingekuwepo nyumbani, na nadhani ndiyo sababu moyo wangu uligoma kuelewa. Tulizika, tukakaa matanga, watu wakatawanyika. Kisha mwezi ukaanza kujaa. Jioni moja nikamkuta mama anatandika kitanda cha dada: shuka safi, chandarua kimeshushwa. Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia. Makaburini nilikuwa sijaweza.

Msibani wengi walisema alikuwa bado mdogo. Neno hilo lilinikera, na linanikera mpaka leo. Hakuwa mdogo. Alikuwa katikati ya kila kitu: nyumba yake imefika kwenye renta, binti yake yuko kidato cha tatu, mama anamtegemea kwa dawa, na kambini kuna magunia yaliyoshonwa nusu. Nyumba nimeiezeka. Mpwa wangu amemaliza shule, naye hajataka biashara ya ziwa, sikumlazimisha.

Mwezi mpevu uliopita mpwa huyo alikuja kulala kwetu. Hakuna aliyemwita. Alifika jioni, akamwamkia bibi yake, akaenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Michembe ilikuwa imejaa, ya kutosha watu kumi, ingawa tulikuwa wanne. Akapakua, akaniletea uani, akakaa kwenye kigoda cha mama yake. Tukazima taa.