Springi za mbele: majibu kwa wenye malori wa Mtwara na Lindi

Korosho zikianza kutoka maghalani, na makaa ya mawe ya Ruvuma yakiendelea kushuka kuja bandarini, maswali ya springi, zile za majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, hayaishi. Nimechukua manane. Mengine yalikuja bila aina ya lori, bila mwaka, bila hata kusema linabeba nini. Hayo nimeyaacha, maana siwezi kupima gari nisilolijua.

*Lori langu la tani kumi linainama mbele nikipakia. Niongeze jani moja au mawili? (Mwenye lori, Masasi)*

Ndugu yangu, swali hili nalipata kila wiki, na kila wiki nauliza lile lile: ekseli ya mbele peke yake inabeba kilo ngapi? Unajua tani ulizopakia, lakini springi ya mbele haijali jumla. Pakia mzigo wako wa kawaida, ingia mizani, omba wakusomee ekseli ya mbele. Halafu soma kibati cha kiwanda kwenye kabini kinachoonyesha ekseli hiyo imeruhusiwa uzito gani.

Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo sisi tulianza kuitumia Machi 2019, inaishia tani 8 kwa ekseli moja ya mbele yenye stelingi. Lakini hizo tani 8 ni za kulinda barabara. Ekseli ya lori la kati ikiandikwa tani 5 au 6 na kiwanda, basi huo ndio mwisho wake. Ukiongeza jani, umeongeza ugumu wa springi tu. Kingipini (pini ambazo tairi za mbele zinazungukia ukikata kona), beringi za habu, breki na tairi ni zile zile za jana, na sasa unazipakia zaidi kwa sababu lori haliinami tena na macho yako yameridhika.

Uzito ukizidi, tatizo ni upakiaji. Nimeona magunia yamesimamishwa ukutani kwa kabini hadi juu, nyuma kumebaki nafasi ya kulaza kitanda. Sogeza mzigo nyuma. Kwa wenye tela, angalia sahani ya kuungia, ile tela inayoegemea: ikisogezwa mbele, uzito unahamia kwenye ekseli ya stelingi.

Uzito ukiwa ndani ya kiwango na bado linainama, springi zimechoka. Nunua seti nzima ya kipimo cha kiwanda. Kama kiwanda chenyewe kina seti nzito zaidi kwa aina yako ya lori na ekseli yako, hiyo ndiyo njia halali ya kuongeza nguvu. Wala usimruhusu fundi akuwekee jani nene "kidogo tu". Ugumu wa jani unapanda kwa unene mara unene mara unene. Jani la milimita 14 ni gumu kuliko la milimita 12 kwa karibu asilimia 60, ingawa kwa jicho tofauti yake ni kama kadi mbili za simu. Jani hilo likikaa katikati ya wenzake membamba, linabeba kuliko wenzake, na ndilo litakalokatika.

*Imekatika ya kushoto tu. Nibadilishe upande mmoja?*

Hapana. Pande zote mbili, siku moja.

*Nina Scania ya mtumba, mbele ina springi ya majani mawili manene. Fundi anataka aweke ya majani mengi kutoka lori jingine, anasema hizi ni za barabara za Ulaya. (Mikindani)*

Yako ni springi ambayo jani lake ni nene katikati na linapungua kuelekea nchani. Majani yake hayasuguani, ndiyo maana lori linatembea laini na springi yenyewe ni nyepesi. Ile ya majani mengi inasuguana, na msuguano huo unasaidia kutuliza mrusho. Kwa hiyo springi yako inategemea shokapu kwa kiasi kikubwa. Shokapu zikifa, dereva anasema springi ni dhaifu, wakati kilichokufa kinauzwa peke yake na kwa bei ndogo kuliko springi. Anza hapo.

Fundi wako ana hoja moja nisiyoipuuza: ukiwa na majani mawili tu na moja likakatika, kilichobaki cha kukushikilia ni kidogo. Kwenye njia mbovu ya mashimo mfululizo, hata mimi ningefikiria majani mengi, alimradi kiwanda kinayatoa kwa chasisi hiyo hiyo. Lakini "kutoka lori jingine" hapana. Pima kutoka jicho la mbele (tundu la mwisho wa jani) hadi senta bolti, ile bolti ya katikati inayopita kwenye majani yote, kisha kutoka senta bolti hadi jicho la nyuma, kwa sababu nusu hizo mara nyingi hazilingani. Pima upana wa jani, tundu la bushi na kimo cha upinde. Kimoja kikikataa, ekseli inakaa mahali pasipo pake na stelingi inakuwa ngeni. Ukinunua ya majani mengi, tafuta ile ambayo jani la pili limekunjwa kulikumbatia jicho la jani la kwanza.

*Jani la kwanza limekatika karibu na jicho, tuko Nangurukuru na mzigo. Kuna fundi wa kuchomelea hapa. Tutafika Dar?*

Msichomelee. Nakuomba, mdogo wangu, kama unasoma hili ukiwa bado hapo. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo ili kijikunje na kurudi. Moto wa kuchomelea unaua upishi huo, na pembeni ya kiungo chuma kinakuwa kama kigae. Na jani la kwanza ndilo linaloshika ekseli isirudi nyuma. Likiachia kwenye mteremko, tairi ya upande huo inarudi nyuma, stelingi inavuta upande huo huo, na mbele yako kuna basi.

Niliwahi kushika jani la namna hiyo baada ya ajali. Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi mbili: theluthi moja kahawia ya kutu, iliyobaki inang'aa kama sarafu mpya. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, utingo angeuona kwa tochi na brashi ya waya. Teremsheni mzigo, agizeni springi, lifungwe hapo hapo.

*Senta bolti imekatika mara mbili mwezi huu. Niweke ngumu zaidi?*

Senta bolti kazi yake ni kuonyesha springi ikae wapi. Anayebana ni yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, na zako zimelegea. Funga yubolti mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, lori likiwa limesimama kwa tairi zake, kwa spana ya kipimo. Kaza tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Hili la mwisho karibu kila mtu analiruka. Angalia pia kama tundu la kiti cha springi kwenye ekseli halijapanuka.

*Tunapaka oili chafu kwa ajili ya chumvi ya bahari. Ni sawa? (Lindi)*

Kutu mnaiogopa kwa haki, kwa sababu kila kishimo cha kutu ni mwanzo wa ufa. Ila oili chafu inashika mchanga, mchanga unasaga majani, na oili inaozesha bushi za raba. Osheni kwa maji yasiyo na chumvi, piga brashi, pakeni rangi ya kuzuia kutu. Bushi za chuma zipate grisi kwenye nipo zake, vile vichuchu vya kupigia grisi.

*Ipi nzuri, ya Japani au ya China?*

Inayolingana na namba ya chasisi yako, na iwe mpya. Springi ya mbele ya mtumba usinunue, hata ukipewa bure.

*Tangu nifunge springi mpya, stelingi hairudi yenyewe nikitoka kwenye kona. (Mtwara mjini)*

Kati ya springi na ekseli kulikuwa na vipande vya chuma vyenye umbo la kabari, kimoja kila upande, vinavyoilaza ekseli kidogo ili stelingi ijirudishe. Ama vimewekwa kinyume, ama vimeachwa. Rudi gereji ukaangalie sakafuni kabla hawajafagia.