Mashine ya kuosha vyombo: nichague ipi?

SWALI: Mhariri, nyumba yetu hapa Mombasa inatumia maji ya kisima, nami nataka kununua mashine ya kuosha vyombo itakayodumu. Nizingatie nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuulizia jina la kampuni, hakikisha mashine ina sehemu ya kulainisha maji, yaani tangi dogo lililo sakafuni mwake linalotiwa chumvi maalumu, kwa kuwa maji ya visima vya Pwani, yanayopita katika mawe ya matumbawe, mara nyingi huwa na chokaa inayoganda kwenye hita na kuacha ukungu mweupe juu ya bilauri. Chumvi ya mezani haifai.

Ukiwa dukani, vuta rafu ya chini hadi mwisho na uitikise: ikiyumba ikiwa tupu, itakuwaje ikibeba sahani za pilau? Chujio nalo litoke kwa mkono, bila bisibisi. Kwa maoni yangu, lililo zito kuliko yote ni vipuri; muulize muuzaji iwapo pampu ya kutolea maji inapatikana mjini au huagizwa kutoka Dubai. Sufuria za aluminiamu endelea kuziosha kwa mkono, kwani mashineni huwa nyeusi.